Pakistan Si Shamba la Kuchuma Takwimu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, ofisa wa ngazi ya juu katika Benki Kuu ya Pakistan aliacha cheo chake akaja Tanganyika kulima. Aliitwa Hamza Alavi, mzaliwa wa Karachi. Shambani hakudumu; alielekea Uingereza, akaishia kuwa msomi wa siasa na wa maisha ya wakulima. Mwaka 1972 alichapisha katika jarida la New Left Review insha kuhusu dola katika nchi zilizotoka kwenye ukoloni, mifano yake ikiwa Pakistan na Bangladesh. Alisema kwamba mkoloni alijenga dola ya kuibana jamii aliyoitawala, kwa hiyo dola hiyo ilikuwa na misuli mikubwa kuliko jamii yenyewe. Siku bendera iliposhushwa, jeshi na urasimu vilibaki vimesimama katikati ya wakabaila, matajiri wa ndani na mabepari wa ng'ambo, vikiwaamua wote watatu na vyenyewe vikijichotea.

Insha hiyo iliwafikia watu wa Dar es Salaam kama cheche kwenye makuti. John Saul, Mkanada aliyekuwa amefundisha Mlimani, aliipima kwa mambo ya Tanzania mwaka 1974. Colin Leys, mchambuzi wa Kenya, akaandika kuihoji mwaka 1976. Mjadala ukaungana na ule ambao Issa Shivji alikwisha kuuwasha tangu 1970 kwa andiko lake kuhusu mapambano ya kimyakimya ya kitabaka nchini. Waliotaka kuielewa Tanzania ya Azimio la Arusha, na Kenya ya Mzee Kenyatta, walijikuta wakibishana na Mpakistani.

Nimeanza na kisa hiki makusudi. Ipo kauli iliyoenea katika kumbi za vyuo, katika ofisi za wafadhili na hata katika vyumba vyetu vya habari, kwamba Pakistan ni tatizo linalosubiri kuelezwa. Mwenye kueleza, kwa kauli hiyo, hutoka nje na nadharia yake mkobani. Kazi ya mwenyeji ni kufungua milango, kutafsiri, kujaza hojaji na kushukuriwa katika ukurasa wa shukrani. Hayo ndiyo yanayoitwa mabadilishano ya kitaaluma ya kimataifa. Mimi nasema hayo ni mavuno. Neno mabadilishano lina maana: kila mmoja anatoa, kila mmoja anapokea, na kila mmoja ana haki ya kurudisha bidhaa mbovu.

Tuitazame Swat, bonde la kaskazini lililowapa wanaanthropolojia umaarufu. Mnorwei Fredrik Barth alifanya utafiti wa uwandani huko mwaka 1954, na kitabu chake cha 1959 kuhusu uongozi wa kisiasa wa Wapashtuni kikawa cha lazima kwa wanafunzi wa fani hiyo duniani. Alichora siasa za Swat kama soko. Kila mwanamume humchagua khani, yaani kiongozi mwenye ardhi, wa kumfuata kwa kupima faida yake, na kutokana na chaguzi hizo kambi mbili huzaliwa na kushindana. Picha hiyo ilipendeza, ikasafiri mbali.

Mwaka 1972 alitokea Talal Asad, msomi aliyelelewa Pakistan, akauliza swali la mtu anayejua shamba ni la nani. Mtu asiye na ardhi, anayelima konde la khani na kulala katika nyumba iliyo juu ya kiwanja cha khani, anachagua nini hasa? Alichokiona Barth kama soko, Asad alikionyesha kuwa utawala wa tabaka la wenye ardhi. Miaka 4 baadaye Akbar Ahmed, Mpakistani aliyewahi kuwa mtawala wa serikali katika maeneo ya Wapashtuni, aliongeza kwamba Barth aliitazama Swat kwa macho ya khani, akapunguza uzito wa viongozi wa dini na wa dola ambayo Wali, mtawala wa Swat, alikuwa ameijenga. Kati ya kitabu cha Barth na hoja ya Asad kulipita miaka 13. Kwa miaka hiyo yote wanafunzi wa mabara kadhaa walifundishwa kwamba mkulima mpangaji wa Swat ni mnunuzi huru sokoni.

Simdharau Barth. Alikuwa mtafiti hodari, na mwaka 1985 alichapisha maisha ya Wali wa mwisho wa Swat kama Wali mwenyewe alivyoyasimulia. Nampa heko kwa hilo, ila hata hapo aliyepewa nafasi ya kusema ni mtawala. Mpangaji asiye na ardhi bado anangoja zamu yake. Ninachosema ni kwamba nadharia ya Swat ilinyooka pale tu waliotoka Pakistan walipopata jukwaa lenye hadhi sawa la kuijibu. Hicho ndicho kipimo changu cha mabadilishano, na kwa kipimo hicho mengi yanayofadhiliwa leo hayafaulu.

Watetezi wa kauli ninayoipinga watasema: hiyo ni historia, Pakistan ya baada ya Septemba 2001 ni suala la usalama, na usalama unadai wataalamu wa usalama. Vema, tupime kazi ya wataalamu hao kwa mfano mmoja wa hesabu. Mwaka 2002 ripoti ya shirika la International Crisis Group ilidai kwamba takriban theluthi moja ya wanafunzi wa Pakistan wanasoma madrasa. Takwimu hiyo ilinukuliwa magazetini, ikapanda ngazi hadi kwenye meza za watunga sera. Kisha wanauchumi wanne, wakiwamo Wapakistani Tahir Andrabi na Asim Khwaja na Mhindi Jishnu Das, walikaa na matokeo ya sensa na ya tafiti za kaya wakahesabu upya. Walikuta kwamba wanafunzi wa madrasa walikuwa chini ya asilimia 1 ya watoto wote waliokuwa shuleni. Ile theluthi ilitokana na kosa la hesabu, na waandishi wa ripoti walilisahihisha baadaye. Lakini masahihisho hutembea kwa miguu, na uvumi umekwisha kupanda ndege.

Wakati dunia ikihesabu madrasa, jambo kubwa zaidi lilikuwa likitokea vijijini Punjab mbele ya macho ya kila mtu. Shule binafsi za ada ndogo zilikuwa zikichipuka kama uyoga, na kufikia mwaka 2005 karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu wa shule za msingi alikuwa katika shule kama hizo. Watafiti hao hao waliingia katika vijiji 112. Katika nusu ya vijiji waliwagawia wazazi kadi zinazoonyesha alama za mtoto wao na za kila shule ya kijijini. Ada za shule binafsi zikashuka kwa asilimia 17, uandikishaji ukapanda kwa asilimia 4.5, na alama za watoto zikaongezeka. Mzazi wa Kayole au Kawangware anayelipia shule ya mabati anaielewa habari hiyo bila mkalimani. Huo ndio utafiti wa jamii ya Pakistan unaostahili jina lake: uliwahusisha Wapakistani na Mhindi ambao serikali zao hazisemezani, ukaanza na swali la mzazi, ukamrudishia mzazi jibu mkononi. Mtaalamu wa usalama angepita kijijini hapo akauliza kama kuna magaidi, akaandika "hapana", akaondoka.

Kuna pia gharama ya kuufanya utafiti kuwa mtumishi wa usalama, na gharama hiyo hulipwa na watoto. Mwaka 2011 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilimtumia daktari kuendesha kampeni ya uongo ya chanjo ya homa ya ini huko Abbottabad ili kupata vinasaba vya familia ya Osama bin Laden. Siri ilipofichuka, kila mwenye sanduku la chanjo na kila mwenye daftari la maswali akawa mshukiwa. Wachanjaji wa polio walianza kuuawa. Ikulu ya Marekani iliahidi mwaka 2014 kwamba hila hiyo haitarudiwa, lakini Pakistan hadi leo ni moja ya nchi mbili tu duniani, pamoja na jirani yake Afghanistan, ambako polio ya asili haijakomeshwa. Sababu za hilo ni nyingi, na wapiganaji wenye silaha wana dhambi yao kubwa. Hata hivyo, mtafiti anayebisha hodi leo katika mlango wa nyumba jimboni Khyber Pakhtunkhwa anabeba mzigo wa kampeni ile, apende asipende.

Turudi kwenye nadharia, maana hapo ndipo kauli inayovuma inapojikwaa vibaya zaidi. Inasema Pakistan ni nchi ya kutolea mifano, si nchi ya kutolea fikra. Sawa. Kila mwaka magazeti ya Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hutangaza nafasi ya nchi zetu katika Fahirisi ya Maendeleo ya Binadamu. Wabunge huitumia kuibana serikali, na serikali huitumia kujisifu. Aliyeiasisi ripoti yenye fahirisi hiyo, mwaka 1990, ni Mahbub ul Haq wa Pakistan, akisaidiwa na rafiki yake wa India, Amartya Sen. Wazo hilo lilikuwa na mizizi katika uchungu wa nyumbani. Haq alikuwa mmoja wa wachumi wa mipango wa serikali ya Ayub Khan, enzi ambayo pato la taifa lilipaa na wageni wakashangilia. Mwaka 1968 alisimama akaeleza kwamba familia 22 zilikuwa zimeshika takriban theluthi mbili ya viwanda vya nchi. Aliyeona kwa macho yake uchumi ukikua na maskini wakibaki walipo, ndiye aliyetupa rula ya kupimia afya na elimu pamoja na pato. Tunapimwa kwa rula iliyochongwa kutokana na yaliyoipata Pakistan, halafu tunaambiwa Pakistan haina la kutufundisha.

Kuna pia Orangi, makazi makubwa ya watu wa kipato cha chini magharibi mwa Karachi. Mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan, mzee aliyekwisha kujenga jina kwa kazi za vijijini Comilla, Bangladesh ya leo, alifika pale bila mchoro wa mradi. Alitembea, akauliza, akasikiliza. Watu walimwambia shida yao kubwa ni majitaka yanayopita milangoni. Serikali haikuwa tayari kujenga, na bei za wakandarasi zilikuwa za kuua. Yeye na vijana wake walichunguza kwa nini mfereji uwe ghali hivyo, wakarahisisha michoro, wakaondoa faida ya dalali na hongo. Kila kichochoro cha nyumba 20 au 30 kikachagua msimamizi wake, kikachangishana na kuchimba. Wenyeji walijenga vyoo na mabomba ya vichochoroni. Mabomba makuu yakabaki kuwa deni la serikali. Makumi ya maelfu ya nyumba yaliunganishwa kwa njia hiyo, na wageni wakaja kujifunza. Mkazi wa Tandale ambaye mvua za masika humletea choo cha jirani sebuleni atapata nadharia zaidi Orangi kuliko katika makongamano mengi ya miji endelevu.

Sasa nifike kwenye hoja nzito ya wapinzani wangu, kwani si haki kuwapiga pale walipo dhaifu tu. Wanasema: Pakistan yenyewe huwanyamazisha wasomi wake, hivyo mgeni ndiye pekee aliye huru kusema. Nusu ya kwanza ni kweli. Perween Rahman, aliyeongoza kazi ya Orangi na kuchora ramani za vijiji vya pembezoni mwa Karachi vilivyokuwa vikiporwa na wanyang'anyi wa ardhi, alipigwa risasi Machi 13, 2013. Sabeen Mahmud aliuawa Aprili 24, 2015, dakika chache baada ya kuandaa mazungumzo kuhusu Balochistan katika ukumbi wake wa Karachi, mazungumzo ambayo chuo kikuu kimoja cha Lahore kilikuwa kimelazimishwa kuyafuta. Mtafiti wa kigeni naye huhangaikia vibali, na zipo sehemu za nchi asizoruhusiwa kukanyaga. Sisi pia tusijitie upofu: mwaka 2018 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyomtia mtafiti hofu ya jela, hadi yalipolegezwa mwaka uliofuata. Nyani haoni kundule.

Lakini nusu ya pili ya hoja hiyo haifuati. Kama mwenyeji anauawa kwa sababu ya kuchora ramani, maana yake ni kwamba ramani yake ilikuwa elimu yenye makali. Jibu la heshima ni kumlinda, kumchapisha na kumtaja jina. Kumfanya mgeni awe msemaji wake ni kumzika mara ya pili. Na uhuru wa mgeni nao una mwenyewe. Aprili 2025 Marekani iliufuta mpango wa Global UGRAD, ambao kwa miaka 15 uliwapeleka vijana wa vyuo vya Pakistan kusoma muhula mmoja huko. Mwaka 2018 wasomi wa Asia kutoka pembe zote walikutana New Delhi katika mkutano mkubwa wa fani yao, na serikali ya India ikawanyima Wapakistani viza. Asia Kusini ikajadiliwa, na taifa la pili kwa ukubwa katika eneo hilo likabaki nje ya mlango. Mlango wa mabadilishano hufunguliwa na kufungwa na mwenye ufunguo, naye mara nyingi si mwanachuo.

Upande mwingine wako wanaoivuta hoja yangu hadi mwisho wake mbaya. Wao husema Pakistan ichunguzwe na Wapakistani tu, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali ni ya kweli, ila ina ndugu yake asiyetajwa: anayelala na kunguni kila siku huwazoea, akaacha kujikuna. Mjerumani Annemarie Schimmel alijifunza Kiurdu na Kisindhi, akaandika kuhusu mshairi Shah Abdul Latif kwa kiwango kilichowafanya Wapakistani wenyewe wampe heshima zao, hata barabara ya Lahore ikaitwa kwa jina lake. Wanaakiolojia wa Italia wamekuwa wakichimba Swat tangu miaka ya 1950, kizazi baada ya kizazi. Hao hawakuja kuchuma na kuondoka. Walijifunza lugha, walikaa, walirudi, wakakubali kusahihishwa.

Lugha ndiyo mtihani rahisi kuliko yote, na ndiyo wanaofeli wengi. Sensa ya 2023 ilihesabu watu zaidi ya milioni 241 Pakistan. Kiurdu, lugha ya taifa, ni lugha mama ya chini ya asilimia 10 yao. Kipunjabi, Kipashto na Kisindhi kila kimoja kinakizidi. Sisi tunaozungumza lugha ya taifa ambayo wengi wetu tuliipata baada ya lugha ya nyumbani tunapaswa kuelewa hilo upesi. Ukikosea kuiheshimu lugha ya watu, Pakistan ina somo la damu: Februari 21, 1952, wanafunzi waliuawa Dhaka wakidai Kibengali kitambuliwe, na mwaka 1971 nusu ya nchi ikajitenga ikawa Bangladesh. Mtaalamu anayeisoma nchi hiyo kwa Kiingereza peke yake anasoma dari, hajafika sakafuni.

Nasi Waswahili hatuna ruhusa ya kukaa pembeni kama watazamaji. Mwaka 1953 Waahmadiya, jumuiya ya kidini iliyozaliwa Punjab, walichapisha tafsiri kamili ya Kurani kwa Kiswahili, ikisimamiwa na Sheikh Mubarak Ahmad, mtu wa Punjab. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi aliyeandika kuhusu sheria za ushairi na Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alikwenda kusoma Rabwah, Pakistan, katika miaka hiyo hiyo. Sheikh Abdulla Saleh al-Farsy wa Zanzibar aliijibu tafsiri ile kwa tafsiri yake mwenyewe iliyokamilika mwaka 1969, akiwakosoa Waahmadiya waziwazi katika maelezo yake. Uwe upande wowote katika ugomvi huo, utambue kilichotokea: mabishano yaliyozaliwa Punjab yalipiganwa kwa Kiswahili, kwa hoja na marejeo, wala hakuna aliyengoja London itoe mada.

Ng'ambo ya pili ya bahari wako Washidi wa Sindh na Makran, wazao wa Waafrika, wengi wao wenye asili ya pwani yetu. Miongoni mwa mashujaa wa Sindh hutajwa Hoshu Sheedi, aliyeanguka mwaka 1843 akipigana na jeshi la Waingereza. Huko Mangho Pir, Karachi, wanapiga ngoma yao ya mugarman katika sherehe ya ziara yenye mamba watukufu. Muhammad Siddiq Musafir, Mshidi mwenzao, aliandika kwa Kisindhi kuhusu utumwa na uhuru. Tanzeela Qambrani, aliyeingia bunge la jimbo la Sindh mwaka 2018, anasema asili ya ukoo wake ni Tanzania. Historia hiyo ni yetu kama ilivyo yao. Nani katika vyuo vyetu anakisoma Kisindhi cha Musafir? Nani amemwalika msomi wa Kishidi aje Zanzibar atueleze anachokijua kutuhusu?

Nawaomba basi wahadhiri wa Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Zanzibar waanze na machache. Insha ya Alavi ya 1972 irudi kwenye orodha za kusomwa, na ifasiriwe kwa Kiswahili. Andiko lolote kuhusu Pakistan linaloletwa kwetu liulizwe maswali matatu kabla halijapigiwa makofi: mwandishi anasoma lugha gani ya huko, waliomkusanyia maneno wametajwa wapi, na nani wa huko amepewa nafasi ya kumjibu. Anayeshindwa maswali hayo ni mchumaji, hata akiwa na cheo cha profesa. Sisi tulishawahi kujibizana na Karachi moja kwa moja, nayo ikatusaidia kujielewa. Njia hiyo haijafungwa na mtu. Tumeiacha wenyewe ikaota majani.